UZI: Jumamosi filamu ya Chaplin, Jumapili matembezi. Namna ya kupanga wikendi ya utulivu hapa Lubumbashi

#1 Mwana_Kamalondo

Jambo wandugu. Nafungua uzi huu kwa wanaopenda wikendi ya kupumzika kweli: Jumamosi jioni filamu nyumbani, Jumapili matembezi ya karibu, Jumatatu mtu anaingia kazini mwili ukiwa mwepesi. Filamu yenyewe ni Chaplin ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Richard Attenborough. Robert Downey Jr. ndiye anayecheza nafasi ya Charlie Chaplin, yule tunayemjua zaidi kwa jina la Charlot.

Neno langu kubwa ni hili: usianze na filamu hiyo. Anza na Charlot mwenyewe. Filamu ya maisha ya nyota humtaka mtazamaji awe tayari anamfahamu huyo nyota. Asipomfahamu, ataona tu mzee tajiri anayeoa na kuachana, anayesumbuliwa na serikali, basi. Lakini ukitoka kumtazama Charlot wa kweli kwa dakika 25 tu, halafu ukamwona Downey anavyotupa nyayo nje, anavyokata kona kwa mguu mmoja, anavyoanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba, hapo ndipo kazi yake inaonekana. Alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji bora kwa nafasi hii, na Oscar aliteuliwa.

Ya kutangulia iwe L'Émigrant ya 1917. Ni fupi, dakika 25 hivi, na ina kila kitu: meli inayoyumba, njaa, sarafu inayopenya kwenye tundu la mfuko, mhudumu wa mgahawa anayetisha. Charlot policeman ya mwaka huohuo nayo inafaa, ila ina vurugu zaidi.

Ratiba inayokaa vizuri: saa 12 na nusu jioni filamu fupi, robo saa ya mapumziko, kisha Chaplin ambayo ni kama saa 2 na dakika 25. Ukiongeza mapumziko ya dakika 10 katikati, saa 4 kasorobo usiku mmemaliza. Ukianza saa 2 usiku, nusu ya watu watalala kabla ya sehemu ya mwisho, ile ya makazi ya Uswisi.

#2 Dada_wa_BelAir

Aksanti yaya. Maswali matatu. Je, watoto wa miaka 7 na 10 wanaweza kukaa hadi mwisho? Lugha je, maana mama mkwe anasikia Kifaransa na Kiswahili tu? Na hayo mapumziko ya katikati yawekwe wapi ili hadithi isikatike vibaya?

#3 Mwana_Kamalondo

Dada, watoto waone L'Émigrant pamoja nanyi, wacheke hadi wachoke, kisha wakalale. Chaplin yenyewe si ya watoto: ina matukio ya uchi na maneno makali, na hata kama isingekuwa nayo, mambo ya talaka na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, hayawahusu. Wakitaka zaidi, wape Le Kid siku nyingine. Ni ya 1921, na Jackie Coogan alikuwa mtoto mdogo kabisa alipoicheza. Watoto humfuata mtoto mwenzao kwa urahisi.

Kwa mama mkwe, L'Émigrant haina shida. Haina sauti ya maneno, ina mabango machache tu ya maandishi, na mtu mmoja anaweza kuyasoma kwa sauti kwa Kiswahili. Usome bango likitokea, si baada ya kuondoka. Chaplin tafuta yenye sauti ya Kifaransa. Maandishi ya chini yanawachosha wazee, hasa kwenye shuka linalopeperuka.

Mapumziko yaweke baada ya ile sehemu Chaplin anapokimbia na mikanda ya Le Kid hadi Salt Lake City, akaihariri hotelini huku akikwepa watu wa mahakama. Sehemu hiyo imechezwa kwa mwendo wa haraka kama filamu za kale, kila mtu huwa anacheka. Kinachofuata ni kizito zaidi, kwa hiyo kituo kinakaa hapo chenyewe.

Jambo moja zaidi: msizime kabla ya mwisho kabisa. Filamu inafunga na jukwaa la Oscar la 1972, Chaplin aliporudi Marekani kupokea tuzo ya heshima, na vipande vinavyoonyeshwa pale ni vya Chaplin mwenyewe. Kwa aliyeanza na L'Émigrant, ndiyo dakika bora za jioni nzima.

#4 Fundi_Projekta

Wakubwa, niongezee upande wa mitambo, maana hapo ndipo jioni nyingi zinaharibika.

Kwanza umbo la picha. Filamu za Charlot ni karibu mraba, 4 kwa 3. Chaplin ya 1992 ni pana. Televisheni na projekta nyingi zimewekwa zivute kila picha hadi ijaze kioo, na matokeo yake Charlot anakuwa mnene na mfupi, na mwendo wake, ambao ndio sanaa yenyewe, unaharibika. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3 au «original». Pande mbili zitabaki nyeusi; ziache.

Pili, kasi. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Filamu za sauti huenda 24. Nakala mbovu ya kale ikipigwa kwa 24 moja kwa moja, watu wote wanakimbia kama wamepandwa na kichaa. Ni kweli Charlot na wenzake walicheza na kasi kwa makusudi ili kuchekesha, lakini si kiasi hicho. Kipimo rahisi: tazama mtu wa kawaida anayepita nyuma, si Charlot. Huyo akitembea kwa mwendo unaoaminika, nakala ni nzuri. Tafuta nakala zilizokarabatiwa. Kuna kazi kubwa iliyofanywa na Cineteca di Bologna huko Italia kwenye filamu za Chaplin, na tofauti inaonekana kwenye sekunde za kwanza: uso una kivuli na macho yana mwanga, wakati nakala mbovu huonyesha bango jeupe lenye masharubu.

Tatu, projekta na shuka. Kila projekta ina uwiano wake wa umbali, umeandikwa kwenye kijitabu. Uwiano ukiwa 1.5 na unataka picha ya upana wa mita 2, projekta ikae mita 3 kutoka kwenye shuka. Usidanganywe na namba za mwanga zilizoandikwa nje ya boksi. Angalia ile yenye neno ANSI, ndiyo iliyopimwa kwa kanuni. Kwa picha ya mita 2 gizani, ANSI 300 inatosha. Ikiwa boksi linasema 9,000 na halina ANSI, jua ni maneno ya kuuzia.

Shuka liwe jeupe kabisa, zito, limepigwa pasi. Jembamba linapitisha mwanga na picha inafifia, kwa hiyo tundika kitambaa cheusi nyuma yake. Fito mbili, moja juu moja chini, shuka limekunjwa na kushonwa kuzizunguka, kisha fito ya chini ifungwe kamba mbili ardhini. Bila fito ya chini, upepo wa kiangazi unaligeuza kuwa tanga.

#5 Kijana_Ruashi

> Televisheni na projekta nyingi zimewekwa zivute kila picha

Mukubwa, kwani projekta ni lazima? Televisheni ya inchi 43 sebuleni haitoshi? Shuka, fito, kamba... ni kazi ya siku nzima.

#6 Fundi_Projekta

Si lazima hata kidogo. Kwa watu watano au sita, televisheni ya inchi 43 mkikaa mita 2 hadi 2 na nusu kutoka kwayo ni bora kuliko projekta dhaifu. Weusi unaonekana mweusi, na filamu za Charlot zinategemea weusi na weupe. Projekta ina maana mkiwa kumi na kuendelea, au mkitaka kukaa uani. Binafsi naona vichekesho vinapenda umati: kicheko cha jirani kinakuvuta nawe. Chaplin alizitengenezea filamu hizi majumba yaliyojaa watu. Lakini mkiwa watatu, televisheni.

Sasa sauti, maana nilisahau. Spika ikae chini ya shuka, si kando ya projekta. Sikio linataka sauti itoke pale mdomo ulipo. Tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na kwenye mazungumzo ya Chaplin utaona midomo inatangulia. Kwenye L'Émigrant hutaona kitu kwa sababu ni muziki tu, ndiyo maana watu wengi wanajaribu na filamu fupi, wanaridhika, halafu wanashangaa ile ndefu inapoanza. Jaribu na ile ndefu.

Na flashi: ikiwa imeandaliwa kwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4. Iandae upya kwa exFAT, ila hakikisha projekta yako inaisoma. Zisizoisoma mara nyingi husoma NTFS. Kuandaa upya kunafuta kila kitu kilichomo, hamisha picha zako kwanza. Pia projekta za bei nafuu hushindwa baadhi ya aina za sauti: picha inatembea, sauti kimya. Si spika mbovu hiyo. Geuza sauti ya faili iwe AAC kwenye kompyuta, shida inakwisha. Yote haya yafanywe Ijumaa.

#7 Dada_wa_BelAir

Na delestaji, huku kukatiwa umeme? Jumamosi jioni ndiyo saa yake.

#8 Fundi_Projekta

Tupige hesabu pamoja, dada. Projekta ya LED wati 100, spika 30, kompyuta 45. Jumla 175. Kwa saa 3 na robo ni kama wati-saa 570. Inveta nayo inakula yake, ongeza asilimia 15, unafika kama 655.

Batri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini batri ya asidi isishushwe chini ya nusu, vinginevyo inakufa mapema. Una 600 tu za kutumia. Haitoshi, na itakuzimikia Chaplin akiwa njiani kuelekea London. Njia ya kutoka: ondoa kompyuta, chomeka flashi kwenye projekta moja kwa moja. Wati 130 kwa saa 3 na robo pamoja na hasara ya inveta ni kama 485. Sasa inatosha na kuna akiba. Mwenye batri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hana wasiwasi, maana inaruhusu asilimia 80 kutumika.

Usichomeke friji wala pasi kwenye inveta hiyo jioni hiyo. Mota ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na inveta ndogo hujizima ili kujilinda.

Groupe (jenereta) ikibidi, iwekwe nyuma ya nyumba mbali na madirisha, kwa ajili ya kelele na zaidi kwa ajili ya moshi. Na umeme wa mtaani ukirudi ghafla, usiunganishe projekta papo hapo. Subiri dakika tano volti itulie, au pitishia kwenye stabilaiza.

#9 Mama_Katuba

Wanangu, mmesema mambo ya waya tu, watu watakula nini na watakaaje kwenye baridi?

Mwezi wa 6 na wa 7 usiku hapa Lubumbashi joto linashuka chini ya digrii 10. Kukaa uani saa 3 bila blanketi ni kuwatafutia watoto kikohozi. Kila mtu blanketi lake, na mkeka chini ya viti, kwa sababu baridi inapanda kutoka ardhini kupitia miguu. Mbabula, lile jiko la makala (mkaa), inasaidia, iwekwe pembeni upande upepo unakoelekea, moshi usipite mbele ya mwanga wa projekta. Mkihamia ndani, mbabula ibaki nje. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inaua watu wamelala. Hapo hakuna «tufungue dirisha kidogo».

Mvua nazo, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4, msifikirie uani kabisa. Hata usiku ambao haunyeshi, kumbikumbi wa mvua za kwanza watajaa kwenye shuka kwa sababu ya mwanga. Miezi mizuri ya uani ni wa 5, wa 8 na wa 9.

Chakula cha filamu kiwe cha mkono mmoja, kisicho na mchuzi. Bisi: kwa watu wanane gramu 250 za mahindi ya bisi na vijiko 5 vya mafuta, zikaangwe kwa mikupuo mitatu kwenye sufuria nzito yenye mfuniko. Mafuta yapate moto na punje mbili za majaribio; zikipasuka mimina zilizobaki, tikisa, punguza moto. Nyingi zikibaki bila kupasuka, mara nyingi mahindi yamekauka mno: unyevu ulio ndani ya punje ndio unaoipasua. Yatunzwe kwenye chupa iliyofungwa. Na mahindi ya unga wa bukari (ugali) hayapasuki vizuri, msijaribu kuokoa pesa hapo. Karanga za kukaanga na vipande vya kikanda vinakamilisha.

Bukari mle kabla ya filamu, saa 11 jioni. Mtu mwenye bukari mkononi hatazami kitu.

#10 Mtembezi_Kampemba

Mama Katuba amemaliza, mimi nichukue Jumapili.

Kosa la kwanza la Jumapili ni kutaka kwenda mbali. Watu wamelala saa 5 usiku, asubuhi kuna misa au ibada, halafu mtu anataka kilomita 100. Hiyo si kupumzika. Nusu siku, ndani ya mji au kilomita 30, inatosha.

Pendekezo langu linaendana na filamu. Jumba la Makumbusho la Lubumbashi na jengo la Théâtre de la Ville viko pamoja, mnavitembelea kwa mguu. Théâtre ilijengwa miaka ya 1950 na wasanifu waliokuwa na Claude Strebelle. Hata ukiitazama kutoka nje, mistari yake iliyopinda ni somo. Makumbusho ina akiolojia na vitu vya mila za watu wa Katanga; tengeni saa moja na nusu. Saa za kufungua Jumapili zithibitisheni Ijumaa kwa kuuliza mlangoni au kwa simu, msitegemee kilichoandikwa kwenye intaneti.

Wenye watoto, bustani ya wanyama ndiyo jibu. Nendeni mapema, kabla ya saa 4 asubuhi, wanyama wanatembea bado. Mchana wamelala kivulini na watoto wanalalamika kwamba hawajaona kitu. Mfundisheni mtoto asitupe karanga wala bisi ndani ya vizimba. Nyani anaokota kila kitu, pamoja na mfuko wa plastiki, na plastiki inaziba utumbo.

Na mchana, mkiisha kula, tembeeni mahali ambapo bomba refu la kiwanda na mlima wa mabaki ya shaba vinaonekana. Mmetazama maisha ya mtu aliyetengeneza Les Temps modernes mwaka 1936, na mmesimama kwenye mji uliozaliwa 1910 kwa ajili ya kuyeyusha shaba, mji wa ving'ora na zamu. Mazungumzo yatakuja yenyewe, hasa kama kuna babu aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mpeni kiti babu, mwulizeni mashine zilivyokuwa. Ila msiingie kwenye eneo la kiwanda, na msielekeze kamera kwenye mitambo, walinzi au kizuizi cha polisi bila ruhusa. Simu nyingi zimekamatwa kwa picha ambayo mpigaji hakuidhania kitu.

#11 Kijana_Ruashi

Yaya Mtembezi, na maporomoko ya Lofoi? Tunao vijana kumi na wawili wanataka Jumapili.

#12 Mtembezi_Kampemba

Lofoi si ya Jumapili moja. Iko ndani ya Hifadhi ya Kundelungu, barabara ya vumbi ni ndefu, inahitaji gari la magurudumu manne, mafuta ya akiba, gurudumu la pili la akiba, na kulala angalau usiku mmoja. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, ni kitu cha kuona kabla ya kufa. Lakini mwezi wa 9 na wa 10 maji yamepungua sana, na katikati ya mvua barabara ndiyo mbaya. Mwezi wa 5 na wa 6 ndipo maji bado yapo na njia imeanza kukauka. Panga siku tatu, lipia hifadhi, chukueni kiongozi wa njia.

Kwa Jumapili ya vijana kumi na wawili, tafuteni shamba au ziwa la karibu lenye kivuli, mkodi taxi-bus moja ya kwenda na kurudi. Patana bei ya siku nzima na saa ya kurudi, ulipe nusu asubuhi na nusu mkifika nyumbani. Ukilipa yote asubuhi, dereva anaweza kwenda kutafuta abiria wengine na kuwarudia usiku. Mkielekea upande wa Kipushi, kumbukeni ni mpakani: kila mtu mzima abebe kadi yake ya mchaguzi.

Maji ya kunywa, lita 1 na nusu kwa kila mtu. Nyasi za kiangazi zinashika moto haraka, kwa hiyo sehemu ya kuchomea michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma) isafishwe duara la mita 2 hadi udongo uonekane, na makala yazimwe kwa maji, si kwa mchanga. Mchanga unayahifadhi moto hadi kesho.

#13 Mama_Katuba

Michopo ya watu wanane: mbuzi kilo 2 na nusu pamoja na mifupa. Mkikata, vipande viwe sawa, kama nusu ya kiganja, la sivyo vidogo vinaungua wakati vikubwa ni vibichi. Chumvi, kitunguu kilichosagwa, limau kidogo. Limau likikaa usiku kucha nyama inalegea vibaya, kwa hiyo liwekwe saa moja tu kabla. Msiweke nyama kwenye moto wenye ndimi. Ngojeni makala yawe na majivu meupe juu.

Bukari ya safari: ifungwe moto kwenye kitambaa safi, ndani ya boksi la kutunzia baridi lisilo na barafu. Boksi hilo hutunza moto vilevile. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, msiukaze kifuniko, unaendelea kuchachuka na chupa itapasuka ndani ya gari.

#14 Dada_wa_BelAir

Aksanti mama. Nirudi kwa Mwana Kamalondo: mle ndani ya filamu, kipi ni kweli na kipi ni cha kubuni? Baba atauliza, yeye anapenda tarehe.

#15 Mwana_Kamalondo

Swali zuri, dada. Filamu imetegemea kitabu cha Chaplin mwenyewe cha maisha yake, kilichotoka 1964, pamoja na kitabu cha David Robinson kuhusu maisha hayohayo. Mifupa ni ya kweli: utoto wa umaskini London, mama aliyeugua akili, kundi la vichekesho vya jukwaani la Fred Karno, kuanza filamu Marekani katika kampuni ya Mack Sennett, ndoa nne, kuzuiwa kurudi Marekani mwezi wa 9 mwaka 1952, makazi ya Uswisi.

Cha kubuni kwanza ni George Hayden, yule mhariri anayemhoji Chaplin mzee, anayechezwa na Anthony Hopkins. Hakuwepo. Ni kamba ya kufungia hadithi. Wengi wanamlalamikia kwamba anasimamisha filamu kila inapochangamka, nami nakubaliana nao: kila tunaporudi kwenye bustani ya Uswisi, mwendo unapotea.

Vazi la Charlot limeelezwa kwa njia ya kupendeza. Chaplin anasimulia kana kwamba kofia na fimbo vilimwita vyenyewe, na Hayden anamkatalia. Hapo filamu inatenda haki, inaonyesha kwamba mzee anapamba. Kwa baba anayependa tarehe: Charlot alionekana mara ya kwanza mbele ya watu tarehe 7 Februari 1914, katika filamu fupi ya mashindano ya magari ya watoto huko Venice, California, ingawa vazi lilikuwa limekwisha kuvaliwa kwenye filamu nyingine iliyotoka siku mbili baadaye.

Mwangalieni pia mwigizaji wa mama yake Chaplin: ni Geraldine Chaplin, binti wa Charlie mwenyewe, anamcheza bibi yake mzaa baba. Mkishajua hilo, matukio ya hospitali yanabeba uzito mwingine kabisa. Na Moira Kelly anacheza nafasi mbili: Hetty, mpenzi wa ujana, na Oona, mke wa mwisho. Si kosa la kuchagua waigizaji. Filamu inataka kusema kwamba Chaplin alimtafuta Hetty maisha yake yote. Inapendeza kwenye kioo; kama maelezo ya ndoa iliyodumu kutoka 1943 hadi kifo chake 1977, na watoto wanane, mimi naona inampunja Oona.

Lita Grey, mke wa pili, amepitiwa haraka mno. Na ile ngoma ya mikate miwili kwenye uma, inayochezwa mezani mbele ya Hoover, yule wa FBI: asili yake iko kwenye La Ruée vers l'or ya 1925. Mkiitafuta hiyo, ziko mbili. Ya 1925 haina sauti. Ya 1942 ni fupi zaidi na Chaplin mwenyewe anasimulia kwa sauti yake. Kwa mara ya kwanza chukueni ya 1925. Usimulizi unaeleza mambo ambayo mwili ulikwisha kuyasema.

#16 Kijana_Ruashi

Swali la mwisho, wakubwa. Vijana wa parokia wanataka kuonyesha hii kwa kiingilio kidogo, fedha ziende kwenye matembezi. Inaruhusiwa?

#17 Mwana_Kamalondo

Kiingilio kinabadilisha kila kitu, mdogo wangu. Nyumbani na familia hakuna anayekuuliza. Ukikusanya pesa, ni maonyesho ya hadhara, na sheria yetu ya haki za watunzi, ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inataka idhini ya mwenye haki. Chaplin ya 1992 iacheni kabisa kwa shughuli hiyo kama hamna barua mkononi. Pa kuanzia kuuliza ni SOCODA, shirika la haki za watunzi hapa Kongo.

Filamu kubwa za Charlot kuanzia 1918 zina kampuni inayozishikilia, Roy Export. Zile fupi za 1914 hadi 1917 ndizo zenye mlango mpana zaidi, lakini angalieni: nakala iliyokarabatiwa inaweza kuwa na muziki mpya, na muziki huo una mwenyewe. Kwa hiyo ulizieni kwanza nakala mliyo nayo, halafu zimeni sauti, leteni gitaa.

#18 Fundi_Projekta

Hiyo ya gitaa naiunga mkono kwa mikono miwili. Gitaa kavu la Katanga, lile la kidole gumba na cha shahada alilolifanya lijulikane Mwenda Jean Bosco, linaendana na mwendo wa Charlot vizuri kuliko piano nyingi.

Mpigaji atazame filamu mara mbili kabla, aandike dakika za mabadiliko: meli, chakula, mgahawa, mvua ya mwisho. Nyimbo nne fupi zinatosha, kila moja kwa mahali pake, na anyamaze sarafu inapoanguka. Watu wote wataisikia ingawa haina sauti. Akae pembeni ya shuka akiangalia picha, si watazamaji. Taa yake iwe ndogo, imefunikwa upande wa shuka kwa karatasi nyeusi. Kipaza sauti kikiwa karibu na spika kitapiga mluzi, basi spika itangulie mbele yake mita 2, ielekee watu.

Kiingilio kama mmeruhusiwa, kusanyeni mlangoni kabla ya saa 12 jioni. Mwezi wa 6 jua linazama dakika chache kabla ya saa 12, na tochi za simu za waliochelewa ndizo zinazoua picha.